Kadi Ipo, Kompyuta Haiioni: Kinachotokea Kwenye Mashine Yenye Windows na Linux

Tangu Microsoft iliposimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wenye kompyuta walizounda wenyewe wamejikuta na mifumo miwili ndani ya mashine moja. Windows inabaki kwa ajili ya michezo, uhasibu au programu fulani ya kazini isiyo na mbadala, na Linux inawekwa kando yake kwa shughuli nyingine. Ukiwasha, mashine inakuuliza unaingia wapi, unachagua, unaendelea na kazi. Kasheshe huanza siku unapoongeza kadi ya Wi-Fi, ya sauti au ya mtandao wa waya. Mfumo mmoja unaiona, mwingine uko kimya. Au mifumo yote miwili iko kimya. Au jana kadi ilikuwepo, leo haipo.

Hapo ushauri huwa mwingi. Kadi ni feki. Sloti imeungua. Linux haitaki vitu vipya. Piga Windows upya. Katika yote hayo, mara nyingi hakuna aliyeuliza swali la kwanza, nalo ni hili: haionekani na nani? Naona uchungu kila kadi nzima inapouzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu tu swali hilo halikuulizwa, na ndiyo sababu ya makala haya.

Tuanze na majina. Kadi ya upanuzi ni kibao chenye chipu kinachochomekwa kwenye ubao mkuu wa kompyuta, yaani madabodi, ili mashine ipate uwezo ambao haikuwa nao. Mahali inapochomekwa ni sloti. Sloti za leo karibu zote ni za PCI Express, kwa kifupi PCIe, iliyokuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuchukua nafasi ya PCI ya mwaka 1992. Kuna pia sloti ndogo za M.2, ambazo huchukua SSD, yaani diski ya chipu ya kuhifadhia data, au kadi nyembamba za Wi-Fi. Draiva ni programu inayojua kuzungumza na chipu ya aina fulani. Inakaa upande wa mfumo endeshi, na kila mfumo una ya kwake. Fimuwea ni programu ya chipu yenyewe. Wakati mwingine imehifadhiwa ndani ya kadi, na wakati mwingine mfumo huipakia kwenye kadi kila mashine inapowaka. UEFI, ambayo wengi bado tunaiita BIOS, ndiyo programu ya kwanza kuamka unapobonyeza kitufe, kabla ya Windows na kabla ya Linux.

Sasa fikiria ua mmoja wenye nyumba mbili na lango moja. Mlinzi wa lango ni UEFI. Nyumba moja ni ya Windows, nyingine ni ya Linux, na familia hizo haziwi macho kwa wakati mmoja. Mgeni, ambaye ndiye kadi, hupiga hodi langoni. Mlinzi akimsikia, humwandika daftarini: ukoo wake, jina lake, na alikofikia. Kisha familia iliyo macho husoma daftari na kumtafuta mtu wa nyumbani anayeijua lugha ya mgeni. Mtu huyo ndiye draiva.

Ukilishika hilo, utaona kwamba kauli ya "kadi haionekani" inabeba matatizo matatu yasiyofanana hata kidogo. Huenda mgeni hakusikika langoni. Huenda ameandikwa daftarini lakini nyumba hiyo haina wa kumwelewa. Au huenda anaeleweka vizuri, ila amelala au amezuiwa. Dawa ya tatizo moja haiponyi jingine. Kupakua draiva kumi hakutasaidia kadi ambayo haijasikika langoni, na kuibana skrubu upya hakutasaidia kadi isiyo na fimuwea.

Mwenye mifumo miwili ana faida kubwa ambayo mwenye mmoja hana, kwani ana mashahidi wawili. Kadi ikifanya kazi vizuri Windows na ikakataa Linux, maswali ya umeme, sloti na uzima wa chipu yamejibiwa kwa pamoja, bila kufungua kasha. Kadi ni nzima. Kilichobaki ni suala la programu.

Soma namba, usisome boksi

Kila kadi ya PCIe hubeba namba mbili za utambulisho, kila moja ikiwa na tarakimu nne katika hesabu ya kumi na sita, ndiyo maana ndani yake utaona pia herufi kuanzia a hadi f. Ya kwanza ni ya mtengenezaji wa chipu, nayo hutolewa na PCI-SIG, chombo kinachosimamia viwango hivi. Ya pili ni ya chipu yenyewe. Intel ni 8086, namba ya prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. Realtek ni 10ec, Broadcom ni 14e4, MediaTek ni 14c3, Nvidia ni 10de. Mashine inapowaka, UEFI hupita kila mahali panapoweza kuwa na kadi na kuuliza namba hizi. Pasipo na mtu, jibu linalorudi ni ffff.

Kwenye Linux, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na uandike:

lspci -nnk

Utapata orodha ndefu. Tafuta sehemu ya mtandao, ambayo kwa kadi ya Intel AX200, mojawapo ya kadi za Wi-Fi zinazopatikana sana, huwa hivi:

04:00.0 Network controller [0280]: Intel Corporation Wi-Fi 6 AX200 [8086:2723] (rev 1a)
Kernel driver in use: iwlwifi
Kernel modules: iwlwifi

Isome taratibu. 04:00.0 ni anwani ya kadi ndani ya mashine, na inaweza kubadilika ukihamisha kadi. 8086:2723 ndiyo ile namba ya utambulisho, na hiyo haibadiliki. Mstari wenye maneno "driver in use" unakuambia draiva gani imeshika kadi sasa hivi. Ukiona kadi imeorodheshwa lakini mstari huo haupo, umeshapata nusu ya jibu: lango limempokea mgeni, nyumba haina wa kumwelewa. Na kama kadi haimo kabisa katika orodha, achana na mambo ya draiva. Tatizo liko chini yake.

Windows ina daftari hilohilo. Fungua Device Manager, bofya kadi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, kisha kichupo cha Details, na katika orodha ya sifa uchague Hardware Ids. Utakuta maandishi kama PCI\VEN_8086&DEV_2723. Ni namba ileile, imevaa nguo nyingine. Kadi isiyo na draiva kwa kawaida hukaa chini ya Other devices ikiwa na alama ya njano, na maelezo yake husema Code 28, maana yake draiva haijawekwa. Code 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza. Code 43 inasema kifaa chenyewe kimeripoti hitilafu, na Windows imekisimamisha.

Nasisitiza namba kwa sababu jina la kwenye boksi linaweza kukupoteza. Si jambo geni kwa kampuni kuuza kadi kwa jina moja kwa miaka kadhaa huku chipu ya ndani ikibadilika kati ya toleo la kwanza na la tatu. Kadi za mkono wa pili, zinazouzwa Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi bila boksi wala karatasi, ndizo zaidi. Muuzaji anaweza kukuambia kwa nia njema kabisa kwamba hii ni Intel, kumbe chini ya kibati ni Realtek. Ukitafuta suluhisho mtandaoni kwa kutumia jina la boksi utazunguka siku nzima. Ukitafuta kwa namba, mara nyingi unafika kwenye jibu moja kwa moja.

Pale ambapo hakuna anayeiona

Kama mifumo yote miwili haina kadi katika orodha, zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Hatua hii watu huiruka, lakini ina sababu. Kompyuta iliyozimwa huku waya ukiwa ukutani bado hupeleka umeme mdogo wa volti 3.3 kwenye sloti za PCIe, ili kadi ya mtandao iweze kuamshwa kutoka mbali. Kadi iliyokwama inaweza kubaki imekwama kwa sababu hiyo, hata baada ya kuwasha na kuzima mara kadhaa.

Gusa kasha la chuma kabla ya kugusa kadi, kisha ichomoe. Angalia meno yake ya rangi ya dhahabu. Vumbi na alama za vidole hufutwa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi na spiriti safi. Irudishe ukiibana sawasawa pande zote. Kadi fupi za x1 (namba hiyo ni idadi ya njia za data ambazo kadi au sloti inazo) zina tabia moja: ukikaza skrubu ya nyuma wakati kasha limepinda kidogo, upande wa ndani wa kadi hunyanyuka, na kwa macho huoni. Jaribu kuwasha mara moja bila skrubu hiyo, kadi ikiwa imekaa vizuri.

Wapo wanaoogopa kuweka kadi fupi kwenye sloti ndefu ya x16, wakidhani itaungua. Haiungui. PCIe imeundwa hivyo makusudi, na kadi ya x1 hufanya kazi kwenye sloti ya x4, x8 au x16. Basi ukishuku sloti, hamisha kadi. Ni kipimo cha bure.

Kuna jambo jingine ambalo madabodi haitakuambia usipofungua kitabu chake. Njia za PCIe ni chache, na bodi nyingi za bei ya kati hugawana njia hizo kati ya sloti mbili. Ukiweka SSD kwenye sloti ya pili ya M.2, sloti fulani ya PCIe huzimika, au milango fulani ya SATA, ya kuchomekea diski, hufa. Mtu anaongeza SSD ili apate pa kuweka Linux, na siku hiyohiyo kadi yake ya sauti inapotea. Anailaumu Linux, wakati aliyeondoa kadi ni SSD. Kitabu cha bodi kina jedwali la jambo hili, na lisipokuwa kwenye boksi, lipo kwenye tovuti ya mtengenezaji kama PDF. Ukilisoma jedwali hilo kabla ya kununua chochote, utajiokoa na hasara nyingi.

Ndani ya UEFI kwenyewe angalia kama sloti imezimwa, au kama Wi-Fi ya bodi imefungwa. Kwa kadi za picha, hakikisha waya wa umeme wa pini 6 au 8 umechomekwa, maana sloti peke yake hutoa wati 75 tu, na kebo ya skrini iwe kwenye kadi, isiwe kwenye madabodi.

Mtego mbaya kuliko yote uko kwenye kadi ndogo za M.2 za Intel. AX200 na AX210 ni kadi kamili za PCIe, na hufanya kazi kwenye bodi za Intel na za AMD. AX201 na AX211 kwa macho ni zilezile, zinaingia kwenye sloti ileile, na mara nyingi ni rahisi kwa sababu zimechomolewa kwenye laptopu. Lakini hizo si kadi kamili. Zinatumia mpango wa Intel uitwao CNVi, ambapo sehemu ya ubongo wa Wi-Fi iko ndani ya chipseti (chipu kuu ya madabodi) au prosesa ya Intel, na kadi imebeba sehemu iliyobaki tu. Ukiiweka AX201 kwenye bodi ya AMD, hakuna draiva duniani itakayoiamsha. Haitaonekana Windows wala Linux, na kadi haina ubovu wowote. Hata kwenye bodi ya Intel, lazima chipseti na sloti viwe vinakubali CNVi. Tofauti ya tarakimu moja mwishoni mwa jina ndiyo inayoamua kama umenunua kadi au umenunua nusu ya kadi.

Imeandikwa daftarini, lakini haifanyi kazi

Hapa ndipo penye imani nyingi potofu. Ya kwanza ni kwamba ukishaweka draiva upande wa Windows, Linux nayo itaikuta, kwa kuwa kompyuta ni moja. Haiwi hivyo. Draiva ya Windows ni ya Windows, na CD iliyokuja ndani ya boksi kwa kawaida imebeba hiyo tu. Kwenye Linux, draiva nyingi zimo tayari ndani ya keneli, yaani kiini cha mfumo, na huhitaji kupakua chochote mradi keneli yako si ya zamani kuliko kadi.

Na hapo ndipo ilipotoka imani ya pili, kwamba Linux haitaki kadi mpya. Ukweli una tarehe. Msaada wa AX200 uliingia kwenye keneli 5.1, mwaka 2019. Msaada wa AX210 uliingia kwenye 5.10, mwishoni mwa mwaka 2020. Ubuntu 20.04, mojawapo ya aina za Linux, ilitoka Aprili 2020 ikiwa na keneli 5.4. Kwa hiyo mtu aliyebaki na keneli hiyo ya mwanzo angeiona AX200 ikifanya kazi na AX210 ikikaa kimya, kwenye sloti ileile, bila kosa lake wala la kadi. Andika uname -r ujue keneli yako, kisha linganisha na umri wa kadi. Mara nyingi kuhamia toleo jipya la mfumo humaliza kazi.

Fimuwea ni jambo tofauti na draiva. Draiva inaweza kuwepo, ikaishika kadi, ikashindwa kuiamsha kwa kukosa faili la kupakia. Andika:

sudo dmesg | grep -i firmware

Ukiona mstari unaosema "Direct firmware load for iwlwifi-cc-a0" na kuishia na "failed with error -2", maana yake faili hilo halikupatikana. Lakini usikimbilie kuhukumu. Draiva ya Intel huanza kutafuta fimuwea mpya zaidi na kushuka kwenda za zamani, hivyo mistari miwili mitatu ya kushindwa inaweza kufuatiwa na mstari wa kufanikiwa. Mstari wa mwisho ndio wenye hukumu. Kama hakuna lililopatikana, kinachokosekana ni kifurushi cha fimuwea; kwenye Ubuntu huitwa linux-firmware, na kwenye Debian fimuwea ya Wi-Fi ya Intel huitwa firmware-iwlwifi. Debian kabla ya toleo la 12, lililotoka Juni 2023, haikuweka fimuwea zisizo huru kwenye kisakinishi chake cha kawaida, ndiyo maana maelekezo ya zamani ya Debian yamejaa malalamiko ya Wi-Fi.

Utauliza, nipakueje fimuwea ya Wi-Fi wakati Wi-Fi ndiyo haipo? Chukua simu ya Android, iunganishe kwa kebo ya USB, kisha kwenye mipangilio ya mtandao washa kushiriki intaneti kwa USB. Linux nyingi za kisasa huichukua simu kama kadi ya mtandao papo hapo. Bando litaliwa kidogo, na kazi itaisha.

Kuzima ambako si kuzima

Hili ndilo tatizo hasa la mashine yenye mifumo miwili, na ndilo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Kadi inafanya kazi Windows. Unazima, unawasha, unaingia Linux, kadi hakuna. Unarudi Windows, ipo. Kesho unaingia Linux, na safari hii ipo. Mtu anaweza kuamini mashine ina pepo.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kitufe cha Shut down hakizimi Windows yote. Kuna mpango uitwao Fast Startup, ambao kwa mashine nyingi huwa umewashwa tangu mwanzo. Unapozima, Windows hufunga programu zako lakini huihifadhi hali ya keneli yake na ya draiva zake kwenye faili la hiberfil.sys, ili kesho iamke haraka. Yaani familia ile haijahama. Imelala na mlango imeufunga kwa ndani, na mgeni imemwachia maagizo yake. Linux inapoamka, inaikuta kadi katika hali ambayo si ya mwanzo, na baadhi ya chipu hukataa kuanza upya kutoka hapo. Kadi za Wi-Fi za Intel zinajulikana kwa hili. Baadhi ya kadi za mtandao wa waya za Realtek nazo: draiva ya Windows huzima kadi wakati wa kufunga mashine, na Linux ikija inakuta waya umechomekwa lakini taa haiwaki.

Kinachowapoteza watu ni kwamba Restart haifanyi hivyo. Ukichagua Restart, Windows hufunga kila kitu kikamilifu. Ndiyo maana siku uliyotoka Windows kwa Restart kadi ilionekana Linux, na siku uliyozima jioni ukawasha asubuhi haikuonekana. Hapo una kipimo rahisi mno: ingia Windows, chagua Restart, na kwenye orodha ya kuchagua mfumo ingia Linux. Kadi ikirudi, umemjua mhusika bila kufungua skrubu hata moja.

Dawa ya kudumu ni kuzima Fast Startup. Fungua Control Panel, nenda Power Options, kisha Choose what the power buttons do, na uondoe alama kwenye Turn on fast startup. Kama chaguo limefifia, bofya kwanza mstari wa juu unaosema badilisha mipangilio isiyopatikana kwa sasa. Njia nyingine ni kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika powercfg /h off, ila ujue hiyo huondoa pia uwezo wa hibernate. Kwenye SSD, muda unaoongezeka wakati wa kuwasha ni mdogo sana. Kwa maoni yangu, mwenye mifumo miwili hana sababu ya kuacha Fast Startup ikiwa imewashwa hata siku moja, kwa kuwa pia huacha diski ya Windows katika hali ambayo Linux haiwezi kuiandikia kwa usalama.

Wakati uko hapo, rekebisha na saa. Windows huichukulia saa ya madabodi kuwa saa ya mahali ulipo. Linux huichukulia kuwa saa ya dunia, UTC. Kwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam tofauti ni saa 3, ndiyo maana baada ya kutoka Linux saa ya Windows huwa nyuma kwa saa 3 kamili. Si betri ya bodi iliyokufa. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo miwili itakubaliana.

Secure Boot na draiva zisizo na saini

Baadhi ya kadi hazina draiva ndani ya keneli. Kadi kadhaa za Broadcom zinahitaji draiva iitwayo wl; za Nvidia mara nyingi hutumia draiva ya Nvidia yenyewe; baadhi ya chipu za Realtek hutegemea draiva za watu wa kujitolea. Draiva hizi mara nyingi hujengwa ndani ya mashine yako, na hapo hukutana na Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa programu ya ngazi ya chini isiyo na saini inayotambulika. Unaweka draiva, hakuna kosa linaloonekana, lakini kadi haiamki. Ukiilazimisha kwa modprobe, amri ya kupakia draiva, unajibiwa "Key was rejected by service", au kwenye keneli za zamani kidogo, "Required key not available".

Ubuntu hujaribu kukusaidia. Wakati wa kuweka draiva hukuomba utunge nywila, na mashine ikiwaka tena huja skrini ya bluu yenye orodha fupi. Skrini hiyo hutokea mara moja na haisubiri muda mrefu. Wengi huona bluu wakadhani ni hitilafu, wakabonyeza Continue boot. Unachotakiwa kuchagua ni Enroll MOK, yaani kusajili ufunguo unaozipa draiva zako saini, kisha Continue, kisha Yes, halafu uandike ile nywila. Umekosa? Andika sudo mokutil --import ukifuata na njia ya faili la ufunguo, kwenye Ubuntu huwa /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, kisha washa upya.

Ushauri wa haraka utakaousikia ni kuzima Secure Boot. Inafanya kazi, lakini kabla hujagusa, angalia kama diski ya Windows imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaoifunga diski isisomeke bila ufunguo. Ukibadilisha Secure Boot, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48, na usipokuwa nao, unaweza kupoteza data zako. Ufunguo huo mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike kwenye karatasi kwanza.

Draiva za aina hii zina udhaifu mwingine: keneli ikisasishwa, zinatakiwa zijengwe upya. Kadi iliyofanya kazi mwezi mzima inapotea asubuhi baada ya masasisho. DKMS ndiyo programu inayozijenga upya; andika dkms status uone kama draiva imejengwa kwa keneli ya sasa. Kama haijajengwa, mara nyingi kinachokosekana ni kifurushi cha linux-headers cha keneli hiyo.

Wi-Fi ipo, Bluetooth haipo

Malalamiko haya ni ya kawaida mno, na jibu lake liko ndani ya boksi la kadi. Kadi nyingi za Wi-Fi za PCIe zina Bluetooth pia, lakini Bluetooth haipiti kwenye sloti. Inapita kwenye USB. Ndiyo maana kadi huja na waya mwembamba wenye kichwa cha pini 9, ambao upande mmoja unaingia kwenye kadi na mwingine kwenye pini za USB 2.0 za madabodi, zile zilizoandikwa F_USB, JUSB au USB kulingana na bodi. Waya huo huachwa kwenye boksi na watu wengi, kwa kuwa Wi-Fi imeshawaka bila huo. Kwenye Linux, Wi-Fi utaiona kwa lspci na Bluetooth kwa lsusb. Ukiikosa kwenye lsusb, angalia waya kabla ya kuangalia draiva.

Na kama kila kitu kimeonekana lakini mtandao hauwaki, andika rfkill list. Ikisema Soft blocked: yes, ni swichi ya programu tu, na sudo rfkill unblock all huifungua.

Ukiwa umehamisha sloti, umetoa umeme wote, umesoma jedwali la bodi, na kadi bado haimo kwenye lspci wala Device Manager, basi ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kurudi dukani. Isipoonekana na huko, sasa una haki ya kusema ni mbovu. Ikionekana huko, hifadhi matokeo kwa lspci -nnk > kadi.txt, uone kama namba inalingana na ulichouziwa, na uende na faili hilo kwa muuzaji au kwa mtengenezaji wa bodi. Fundi atakayeliona hatahitaji kukuuliza maswali mengi.